Kabla Hujanunua Kitasa Kingine

Mteja anasimama mbele ya kaunta, anatanua vidole kama anayepima samaki, anasema: "Mama, nipe kile kidude cha mlango."

Kidude kipi?

"Kile cha pembeni."

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Majengo, Dodoma, mwaka wa 11 sasa, na kidude cha pembeni kinaweza kuwa bawaba, komeo, kishikio, au kile kibati cha kwenye fremu kinachopokea ulimi wa kitasa. Tunabahatisha, anaondoka nacho, kesho yake anakirudisha kimekwaruzwa na bisibisi.

Lakini anayenisumbua zaidi ni yule anayejua jina moja tu, kitasa. Mlango wowote ukimgomea, kosa ni la kitasa. Mzee mmoja wa Veyula alinunua kwangu vitasa viwili ndani ya miezi miwili, akaja kutafuta cha tatu.

"Mbukwa, mwanangu."

"Mbukwa, babu. Kile kingine kimefanya nini tena?"

"Hakifungi. Naona siku hizi mnaletewa vya bati."

Nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza siku ya kwanza: ukiuinua mlango kidogo, unafunga? Akafikiri. "Nikiubeba kwa goti unafunga. Mama yao ndiye hawezi, goti linamuuma."

Mlango unaofunga kwa kubebwa hauna shida ya kitasa. Siku ile sikumuuzia. Nilimpa skrubu sita na kichupa cha gundi ya mbao, na yafuatayo ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine ambayo yeye hakuwa na muda wa kuyasikiliza.

Utazame mlango kwa kufuata njia ya uzito wake. Ukuta unashika fremu, fremu inashika bawaba, bawaba zinashika shata, yaani mlango wenyewe unaofunguka, na shata ndiyo inayobeba kitasa. Kitasa ni cha mwisho kwenye foleni, ndiyo maana kosa la yeyote aliye mbele yake hujitokeza kwake.

Basi tuanze na fremu. Wazee wanaziita zile nguzo mbili za wima miimo, moja mwimo, na ubao wa juu ni kizingiti cha juu. Vijana wanasema fremu tu, ingawa hapa mjini ukisema unatafuta fremu utapelekwa kwenye chumba cha biashara. Ndani ya fremu kuna ngazi ndogo iliyochongwa kuzunguka, ambayo shata inagota ikifungwa. Nyuma yake, upande usiouona, kunatakiwa kuwe na misumari mirefu au vyuma bapa vilivyozama kwenye zege na tofali. Ukisikia fremu inacheza mlango ukibamizwa, au ufa wa lipu unaifuata fremu kuanzia juu mpaka chini, vishikio hivyo vimelegea au havikuwekwa. Hapo muite fundi mwashi, duka langu halina dawa.

Fremu kupinda unaweza kuipima mwenyewe. Chukua uzi, ufunge nati nzito, uuning'inize juu ya mwimo wenye bawaba. Pima kutoka mwimo hadi kwenye uzi, juu na chini. Vipimo vikilingana, mwimo umesimama. Rudia kwenye uso wa pili wa mwimo huohuo, maana mwimo unaweza kuwa wima ukiutazama kwa mbele na kumbe umelalia chumbani. Mlango unaojifungua wenyewe usiku, ambao watu wanausingizia mambo, mara nyingi ni mwimo uliolala. Halafu pima kona kwa kona, kutoka juu kushoto hadi chini kulia na kinyume chake. Vipimo viwili vikitofautiana, fremu imekaa upogo.

Mchwa wa huku mnawajua. Wanapanda kutokea sakafuni nyuma ya mwimo, wanakula ndani na kukuachia rangi. Bonyeza miguu ya fremu kwa ncha ya bisibisi kila mwaka. Ikizama kama kwenye mkate, usipoteze hela kwa bawaba. Fremu mpya ipakwe dawa ya mchwa nyuma na miguuni kabla haijasimamishwa, kwa sababu baada ya hapo brashi haifiki tena.

Sasa bawaba, na hapa nitakaa.

Bawaba ina mabawa mawili na pini katikati. Bawa moja limelala kwenye fremu, jingine kwenye shata, na kila bawa linatakiwa lizame kwenye kishimo kilichochongwa kwa patasi mpaka liwe sawa na uso wa mbao. Mlango wa mbao ngumu, tuseme mninga au mkongo, ni mzito. Mpe bawaba tatu za inchi 4. Wateja wanataka mbili ili kuokoa pesa kidogo. Nawauliza kama wanaujua uzito wa mninga. Wengi wanajua, maana waliubeba wenyewe kutoka kwa seremala.

Shata inaponing'inia, sehemu ya juu inavutwa itoke kwenye fremu, ya chini inasukumwa iingie. Kwa hiyo bawaba ya chini inakandamizwa tu, ila ya juu inang'olewa kidogo kidogo, siku zote, hata mkiwa mmelala. Skrubu zake ndizo huchoka kwanza. Zikilegea milimita mbili, ile kona ya mlango iliyo mbali na bawaba inashuka, mlango unaanza kuparuza sakafu, na ulimi wa kitasa unagonga chini ya tundu lake. Mwenye nyumba anaona ulimi hauingii. Anakuja kwangu kununua kitasa.

Jaribu hivi. Fungua mlango nusu, shika kishikio, uinue kidogo huku mtu mwingine anaitazama bawaba ya juu. Bawa likitembea, umeshampata mwizi. Kama skrubu zinakaza, zikaze. Kama zinazunguka bila kushika, tundu limekufa, na skrubu nene zaidi itashika wiki mbili tu halafu itapasua mbao. Weka kabari chini ya shata ili isianguke, toa skrubu za bawaba hiyo moja, chonga vijiti vyembamba vya mbao kavu (vijiti vya kiberiti vinafaa, kata vichwa), vipake gundi, vijaze tundu mpaka pasiingie kingine. Subiri gundi ikauke mpaka kesho. Kata vilivyochomoza, toboa tundu dogo katikati, rudisha skrubu. Ndicho alichofanya mjukuu wa yule mzee. Kwenye fremu ya paina, tundu moja lilimeza vijiti 14, nilisimuliwa.

Bawaba ikiwa haina kosa, tafuta ulimi unagonga wapi. Paka ncha ya ulimi masizi ya chini ya sufuria, funga mlango taratibu, kisha fungua. Doa jeusi kwenye kibati cha fremu litakuonyesha. Likiwa chini ya tundu kwa unene wa sarafu, tupa ndogo inalimaliza: panua tundu upande wa chini. Likipita hapo, rudi kwenye bawaba. Ukihamisha kibati bila kutibu bawaba, baada ya miezi mitatu utakihamisha tena.

Shata ndiyo mlango wenyewe, ule unaotembea. Kuna wa paneli na wa flashi. Wa paneli umejengwa kwa mbao mbili za wima pembeni na mbao za kulala juu, kati na chini, zimeungwa kwa ulimi wa mbao unaozama kwenye tundu. Paneli zenyewe zimeingizwa kwenye mfereji, na hazigandishwi kwa gundi wala msumari. Hilo si uzembe wa fundi. Mbao hutanuka na kusinyaa kwa upana wake, siyo kwa urefu, na paneli ikiachwa huru inatembea bila kupasuka. Ukiona mwezi wa tisa mstari mweupe usio na rangi umejitokeza kandokando ya paneli, ni paneli imesinyaa, iache. Ukimwita mtu aipigilie misumari, itapasuka katikati.

Hapa kwetu mvua ni kuanzia Desemba hadi Aprili, miezi iliyobaki ni ukavu na upepo, na mbao zinavifuata vyote viwili. Mlango unaobana pembeni mwezi wa kwanza, ukaupiga randa siku hiyohiyo, mwezi wa nane utapitisha vumbi na mwanga. Vumilia mpaka kiangazi kianze, uuangalie tena. Kama mpaka Juni bado unabana, hapo piga randa, upande wa bawaba kama unaweza, ili usivuruge sehemu ya kitasa. Kisha upake vanishi au rangi, na usisahau ubapa wa juu na wa chini ambao haupakwi na mtu yeyote. Unyevu unapenda kupita hapo.

Wa flashi ni mwepesi: uso laini pande mbili, ndani kuna kiunzi chembamba cha mbao na uwazi mwingi. Ugonge kwa kifundo cha kidole, unalia kama debe. Pale penye kitasa pamewekwa gogo dogo la mbao, na mara nyingi liko upande mmoja tu. Watengenezaji huweka alama ubavuni. Fundi wa jirani yangu hakuitazama, akatoboa upande wa pili, patasi ikaenda mpaka kwenye uwazi. Mlango ule sasa ni meza ya kuanikia ubuyu.

Kitasa, haya, tumefika. Kile cha kuzamisha kina kisanduku cha chuma kinachoingia kwenye ubavu wa shata. Kinatoa ndimi mbili. Ulimi wenye mteremko unarudishwa na springi na unavutwa na mkono wa kitasa, kile kishikio. Ndio unaofanya mlango ushike ukiusukuma. Ulimi wa mraba unaendeshwa na ufunguo, na huo ndio usalama wako. Mikono miwili, ya ndani na nje, imeunganishwa na chuma chembamba cha mraba kinachopita katikati. Mkono ukizunguka na ulimi haujibu, mara nyingi ni skrubu ndogo ya kwenye mkono imelegea au chuma hicho kimelika. Ni vitu vya bei ndogo. Ulizia hivyo kwanza.

Ndani ya kisanduku kuna leva, vibati ambavyo ufunguo lazima uviinue vyote kwa kimo chake. Kitasa cha leva mbili au tatu kina aina chache za funguo, kwa hiyo usishangae wa chumba cha watoto ukifungua na stoo. Kwa ndani kinatosha. Mlango wa nje mpe leva tano au cha silinda, hata kama una grili.

Ulimi wa mteremko ukitazama upande usio wako, usirudishe kitasa dukani. Vingi vinageuzwa: fungua kifuniko, chomoa ulimi, ugeuze, funika. Lakini fungulia ndani ya karai pana. Mpwa wangu alifungulia barazani, springi ikaruka kama panzi, mpaka leo hatujaiona.

Na mafuta ya kupikia, jamani. Ufunguo ukikwama watu wanamimina ya alizeti. Kwa vumbi letu, baada ya mwezi yanageuka gundi. Saga ncha ya penseli, puliza ule unga mweusi kwenye tundu la ufunguo, chezesha ufunguo mara kadhaa.

Ukija dukani, njoo na kile cha zamani mkononi. Ukishindwa kukitoa, pima kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo, na kutoka tundu hilo hadi katikati ya mkono, kisha unene wa shata. Niambie pia, ukiuvuta mlango uje kwako, bawaba ziko kushoto au kulia. Ukipiga picha, weka futi pembeni, maana kwenye simu kitasa na kufuli la sanduku vinaweza kulingana.

Yule mzee alirudi baada ya kama wiki tatu. Nilidhani amekuja kulalamika.

"Unafunga?"

"Unafunga kwa kidole. Sasa umenyanyuka, chini umeacha nafasi, jana nge kaingia."

Hilo nilisahau kumwambia. Mlango wa nje unataka kizingiti cha chini. Pale pasipo na kizingiti, kuna ukanda wa raba unaopigiliwa chini ya shata kwa ndani: pima upana, kata, raba iguse sakafu bila kukunjika, la sivyo mlango utakuwa mzito kufungua. Nikamkatia futi tatu. Akauliza kama vile vitasa vyake viwili vya ziada anaweza kuvirudisha. Kimoja kilikuwa bado na boksi lake, nikakipokea.