SOMO: Namna ya kujua kama mchezaji ameotea

Kila wikiendi bao likikataliwa naulizwa swali lilelile. Leo naliandika lote. Ukiwa na swali, soma kwanza mpaka mwisho.

1. Mchezaji awe kwenye nusu ya uwanja ya wapinzani. Akiwa nusu yake, hajaotea.

2. Mtazame pale mwenzake anapopiga mpira, siyo pale yeye anapoupokea. Straika mwenye mbio akipokea anaweza kuwa ameshamwacha beki mbali, na bado ni halali.

3. Hesabu wapinzani. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Sheria ya 11 ya soka haisemi "beki wa mwisho" wala haimtaji kipa kwenye hesabu hii. Inasema ameotea akiwa karibu zaidi na mstari wa goli kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Kwa kuwa wa mwisho huwa ni kipa, watu wamezoea kutafuta beki mmoja tu. Kipa akitoka golini, mazoea hayo yanakudanganya. Tarehe 11 Juni 2010, Johannesburg, mechi ya ufunguzi wa Kombe la Dunia: Mexico wanapiga kona, kipa wa Afrika Kusini, Itumeleng Khune, anaufuata mpira na kuukosa, mchezaji mmoja wa Mexico anaugusa, unamfikia mwenzake Carlos Vela, anafunga. Kulikuwa na beki kwenye mstari wa goli, ndiyo maana watu walipiga kelele. Lakini beki huyo alikuwa peke yake. Khune alishapitwa. Bao likakataliwa, na refa alikuwa sahihi.

Angalizo: akiwa sawa na mpinzani wa pili kutoka mwisho hajaotea, ndivyo ilivyo tangu 1990. Akiwa nyuma ya mpira hajaotea pia, hata mabeki wote wawe wamepitwa. Na mikono haihesabiwi, hata ya kipa. Hesabu kichwa, kiwiliwili na miguu.

4. Kusimama eneo la kuotea siyo kosa. Kosa ni kucheza mpira huo, kumziba kipa asione, kumsumbua beki, au kufaidika na mpira uliogonga mwamba au uliotemwa na kipa.

MASWALI YA WADAU

– Mkuu, kwa hiyo kipa akitoka akabaki beki mmoja, mtu ameotea?
Namba 3. Isome tena.

– Mpira wa kurusha je?
Akiupokea moja kwa moja hakuna kuotea. Kona na goli kiki vilevile. Ila kona fupi ikishapigwa, pasi inayofuata inahesabiwa kama kawaida.

– Unawatetea marefa tu. Jumapili jamaa alikuwa mbele kabisa, nimeona kwa macho yangu!
Pasi ilipopigwa ulikuwa unamtazama nani? Nijibu hilo kwanza.

– Naomba kueleweshwa, beki akigusa mpira kwanza, kuotea kunafutika? Nauliza kwa sababu ya bao la Mbappé wa Ufaransa dhidi ya Hispania.
Swali zuri sana. Fainali ya Nations League ya Ulaya 2021, beki wa Hispania Eric García alijinyoosha kuukata mpira, akaugusa, ukamfikia Mbappé aliyekuwa ameotea. Ikahesabiwa beki kaucheza kwa makusudi, bao likasimama, Ufaransa wakashinda 2–1. Manung'uniko yalikuwa mengi, na 2022 IFAB, bodi inayotunga sheria za soka, wakatoa ufafanuzi: beki awe na nafasi ya kuumiliki mpira, kwa maana kwamba ameuona ukija, haukuwa na kasi kali, na mwili wake umejipanga. Kujinyoosha tu hakutoshi. Na akiwa anaokoa bao, kuotea hakufutiki kabisa.

– Nashika kibendera mechi za mtaani. Siwezi kumtazama mpigaji na straika kwa pamoja, nifanyeje?
Usijaribu, ndugu yangu. Simama sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho, akisogea sogea naye, ukitembea kwa ubavu ili kifua kielekee uwanjani. Macho yabaki kwenye mstari huo, masikio yasubiri mlio wa mguu kwenye mpira. Kisha usikimbilie kunyanyua: ngoja uone nani anaufuata mpira, maana aliyeotea anaweza kuuacha akaja mwenzake aliyetokea nyuma.

– Na mvua ikinyesha, mlio husikiki!
Kweli. Hapo tupia jicho la haraka kwa mpigaji anapoinua mguu, kisha rudi kwenye mstari.