Tazama ya Manchester kwanza, ndipo uende Pittsburgh

Mimi huandika michezo ya redio hapa Malindi, na vijana hunijia na tamthilia za Kihindi na za Kituruki wakitaka kuzigeuza ziwe za Pwani. Jibu langu ni moja: kabla hujageuza, tazama wengine walivyogeuza. Mfano ninaowapa ni Queer as Folk, tamthilia ya Uingereza kuhusu mashoga wa Manchester, pamoja na toleo lake la Marekani, lililohamishiwa Pittsburgh. Wapo wanaokunja uso nikiitaja. Haya, na wakunje. Ufundi ni ufundi.

Anza na ya Uingereza. Mwandishi Russell T Davies aliiandikia runinga ya Channel 4 mwaka 1999, sehemu 8, kisha 2 za kumalizia mwaka 2000. Wikendi yatosha. Ya Marekani ilianza kwenye runinga ya Showtime mwishoni mwa 2000 na ina sehemu 83. Usijitie kiherehere cha kuimaliza, msimu wa kwanza unatosha. Vaa hedifoni. Ni za watu wazima, mambo ya chumbani yamo waziwazi, na nyumba zetu za Maweni zasikizana. Wala usiipeleke kwenye kibanda cha video: kuonyesha filamu hadharani kwataka kibali cha bodi ya filamu, na bodi hiyohiyo iliipiga marufuku Rafiki, filamu ya Kenya ya wasichana wawili wapendanao, mwaka 2018, mahakama ikaifungulia siku 7 tu.

Chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika wahusika wakuu wa Manchester: Stuart, Vince na Nathan. Kulia wenzao wa Pittsburgh: Brian, Michael na Justin. Sasa tafuta kilichobadilishwa, na ujiulize kilikuwa kikifanya kazi gani. Vince ni meneja wa supamaketi, mwenda wazimu wa Doctor Who, tamthilia ya Uingereza ya safari za angani. Marekani wakamwona hafai hivyo, wakampa Michael vitabu vya katuni na shujaa wa kubuni, Captain Astro. Kazi ni ileile: mtu mzima anayejificha mbele ya wenzake kazini, ila ana kitu anachokipenda bila aibu. Huku kwetu mtu huyo ningempa kanda za taarabu alizozirekodi redioni mwenyewe, majina ameandika kwa kalamu ya wino.

Hapa ndipo pa kukaa sana. Manchester kuna Phil, rafiki yao, ambaye anakufa mapema kwa dawa za kulevya. Anazikwa, na hadithi nzima inageuka: Vince anaanza kuona miaka inampita. Mwenzake wa Pittsburgh ni Ted. Naye dawa zinamwangusha, analazwa hajitambui, halafu anaamka! Niliudhika kwanza, nikaona wameogopa. Lakini hesabu. Mwenye sehemu 10 anaweza kumzika mtu na kifo chake kikatosha hadi mwisho. Mwenye 83 anamhitaji Ted kesho na mwakani, na kweli misimu ya baadaye ilimtumia sana, dawa zikamrudia kwa njia nyingine.

Mama wa Vince na mama wa Michael walinganishe haraka, wanafanana. Usikose kuandika vilivyoongezwa: ya kwanza iligusia UKIMWI kidogo mno ikalaumiwa, ya pili ikamleta Vic, mjomba wa Michael, kisha Ben, mpenzi wa Michael, wote wanaishi na virusi.

Halafu mahali. Ya Manchester waliipigia picha Canal Street yenyewe, mtaa wa mashoga wa huko. Pittsburgh ni jina tu, kamera zilikuwa Toronto, na wenyeji wa Pittsburgh huijua mitaa yao. Kwenye redio kosa hilo ni rahisi zaidi. Ukisema wahusika wako Lamu, mji mkongwe, nawe unarekodi Malindi dirisha wazi, msikilizaji atasikia tuktuk uchochoroni asimopita hata mkokoteni mpana. Funga dirisha, tafuta kwato za punda.

Daftari likijaa, rudi kwenye Mturuki wako. Uliza redio imekupa sehemu ngapi, ndipo uamue nani afe.