SOMO: Kupeleka Injili miji midogo ya Hispania, hatua kwa hatua (soma yote kabla ya kuuliza)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Kila mwaka majira ya joto yakikaribia, naletewa swali lilelile: "Mtumishi, kanisa letu lina timu, tunataka kuja Hispania kuhubiri vijijini, tuanzie wapi?" Nimemjibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Sasa naliweka hapa lote kwa utaratibu, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapahapa.

Nazungumzia miji midogo na vijiji, si Madrid wala Barcelona. Hispania ina manispaa zaidi ya 8,000, na karibu 5,000 kati ya hizo zina watu wasiofika 1,000. Ukipita mikoa ya Soria, Teruel, Cuenca au Zamora utaona vijana wamehamia mijini, wamebaki wazee, mkate unaletwa na gari, na padre mmoja anazungukia vijiji kadhaa. Nyingi ya sehemu hizo hazina kanisa la kiinjili hata moja. Mzigo wangu uko huko.

Hatua ya 1: Pata kanisa mwenyeji. Usije bila mwenyeji. Makanisa mengi ya kiinjili yako chini ya shirikisho linaloitwa FEREDE, na karibu kila jimbo lina baraza lake la kiinjili. Kama mji unaoutaka hauna kanisa, ungana na la mji jirani. Wao ndio watakaobaki wewe ukipanda ndege.

Hatua ya 2: Ujue mji. Idadi ya watu, siku ya gulio, siku ya sikukuu ya mtakatifu msimamizi. Vyote vimo kwenye tovuti ya halmashauri.

Hatua ya 3: Lugha. Kihispania kwanza. Catalunya beba na trakti (vijikaratasi vya Injili) za Kikatalani, Galicia za Kigalisia. Biblia inayotumika zaidi makanisani ni Reina-Valera ya 1960.

Hatua ya 4: Saa zao. Saa nane mchana mpaka saa kumi na moja maduka mengi hufungwa na watu hupumzika. Usigonge mlango, usipige gitaa uwanjani. Asubuhi saa nne hadi saa saba kunafaa, na jioni baada ya saa moja ndipo panapochangamka. Chakula cha usiku ni saa tatu au saa nne, kwa hiyo ibada ya saa mbili na nusu kwao si ya kuchelewa. Wakati wa joto, wazee wengi wa vijijini hutoa viti nje ya mlango wakapunga upepo mpaka usiku. Ukipita, salimia kila kundi, hata usiowafahamu. Ukiingia baa, salimia wote waliomo kabla hujaagiza kahawa. Kijijini baa ndiyo baraza: wazee wanacheza karata humo, wanasoma gazeti humo, na kila mgeni anajadiliwa humo. Mlokole unayeogopa neno "baa", agiza kahawa yako ya maziwa, ukae.

Hatua ya 5: Kibali. Soma mara mbili.

Hapa ndipo timu yetu ilipoharibu. Tulifika kwenye halmashauri ya mji mmoja, mhudumu wa mapokezi akasema kwa tabasamu kwamba hakuna shida, wekeni tu meza yenu siku ya gulio. Tukashukuru, tukaondoka. Siku ya gulio tumetandika kitambaa, Biblia zimepangwa, polisi wa manispaa wakaja wakaomba karatasi. Hatukuwa nayo. Yule mhudumu hakuwepo, na neno lake lisingetusaidia hata angekuwepo. Tukafungasha mbele ya mji mzima, na tangu siku hiyo mjini pale tukawa "wale waliofukuzwa na polisi". Mchungaji mwenyeji alihangaika muda mrefu kulisafisha jina hilo, na sisi tulikuwa tumesharudi makwetu.

Kwa hiyo zingatieni. Uhuru wa dini upo, umeandikwa katika ibara ya 16 ya Katiba ya 1978 na katika sheria ya 1980. Hakuna anayekuzuia kuamini wala kumweleza mtu imani yako barabarani. Lakini meza, hema au spika ni matumizi ya eneo la umma, na hayo yanaamuliwa na kanuni za kila halmashauri. Kibali cha mji huu hakikufai mji wa pili.

Andika ombi kwa jina la kanisa mwenyeji lililosajiliwa, si kwa jina lako wewe mtalii. Taja mahali, saa, ukubwa wa meza, na kama kuna sauti. Lipeleke dirisha la kupokelea barua, wagonge muhuri wenye tarehe kwenye nakala yako. Muhuri huo unathibitisha tu kwamba umeomba, si kwamba umekubaliwa. Subiri jibu la maandishi, lichapishe, kaa nalo mezani. Polisi akija, mpe kwa mikono miwili na umsalimie. Kama ni mkutano wa uwanjani wa watu zaidi ya 20, kuna jambo la pili: taarifa ya maandishi kwa ofisi ya serikali kuu mkoani (au ya serikali ya jimbo, kama Catalunya), si chini ya siku 10 na si zaidi ya siku 30 kabla. Hiyo ni sheria ya 1983, na wengi wanaisahau kwa sababu wanadhani halmashauri inatosha.

Na spika: usiombe kabisa mwaka wa kwanza. Mji wenye watu 600 unakusikia bila spika.

Hatua ya 6: Mazungumzo. Atakuambia, "Mimi ni Mkatoliki." Mjibu vizuri, kisha muulize habari za kijiji chake. Usimseme Bikira Maria, usiiseme sanamu ya msimamizi wao: mama yake aliibeba, na babu yake kabla ya hapo. Msomee Injili, Luka 15 kwa mfano, umwache aulize. Wengi watakudhania Shahidi wa Yehova, kwa kuwa ndio waliowazoea milangoni. Jitambulishe mapema: sisi ni wa kanisa la kiinjili la mji fulani, mchungaji wetu ni fulani.

Hatua ya 7: Majina na simu. Usiandike orodha ya watu kwenye daftari. Sheria za Ulaya zinahesabu dini ya mtu kuwa taarifa nyeti. Anayetaka kutafutwa, mpe fomu ya kanisa mwenyeji, ajaze na kusaini mwenyewe. Vinginevyo mpe namba ya kanisa, apige yeye. Na picha za wazee na watoto msirushe kwenye makundi ya WhatsApp ya nyumbani!

Hatua ya 8: Rudi. Mji uleule, baa ileile, kila mwezi ukiweza. Timu inayopita vijiji kumi kwa wiki moja inagawa karatasi tu. Kijijini mtu anakutazama muda mrefu kabla ya kukufungulia moyo, na ana haki hiyo.

Maswali karibuni.

---

Shamba la Bwana: Mtumishi ubarikiwe. Naomba kujua hatua ya kwanza ni ipi?

Mwandishi: Iko juu, imeandikwa "Hatua ya 1".

Mbeya Kwetu: Viza inapatikanaje? Nina shauku kubwa na kazi hii, naomba unitumie mwaliko.

Mwandishi: Sitoi mialiko kwa mtu nisiyemfahamu. Viza ya matembezi ya Schengen ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na si ya kuishi huko. Mhudumu wa dini anayekuja kukaa ana njia yake kisheria: haombi kibali cha kazi, ila kanisa linalomwita liwe limesajiliwa katika Daftari la Taasisi za Kidini na yeye afanye kazi ya dini tu. Zungumza na askofu wako, naye azungumze na kanisa la huku.

Sauti Nyikani: Kwa heshima, naona unaifunga Injili kwa makaratasi. Paulo aliomba kibali kwa nani? Siku za mwisho watu wanatafuta muhuri wa halmashauri badala ya muhuri wa Roho.

Mwandishi: Ndugu, Paulo alipopigwa Filipi alidai haki yake ya uraia wa Rumi mpaka mahakimu wakaja kumtoa wenyewe, Matendo 16. Mbele ya Festo akakata rufani kwa Kaisari, Matendo 25. Aliijua sheria ya nchi aliyohubiri. Ukikamatwa kwa ajili ya Kristo nitakuombea na kukutembelea. Ukizuiwa kwa ajili ya meza, anayeumia ni mchungaji wa mji ule, ambaye wewe humjui hata jina.

Sauti Nyikani: Sawa, nimekuelewa kwenye meza. Kwenye spika bado.

Mwandishi: Kwenye spika sibadiliki.

Rozari Takatifu: Mimi ni Mkatoliki wa Moshi, naomba nisieleweke vibaya. Hao watu wamebatizwa, wana kanisa katikati ya kijiji tangu karne nyingi. Mnakwenda kuwageuza wawe nini?

Mwandishi: Asante kwa kuuliza kwa upole, dada yangu. Wengi hujitaja Wakatoliki, lakini wanaokwenda misa kila Jumapili ni wachache, na padre wao akiwa na vijiji vingi kuna Jumapili hafiki. Baadhi ya mapadre hao wametoka Afrika na Amerika ya Kusini, utawafurahia ukiwaona. Tukifika mji mpya tunakwenda kumsalimia padre kwanza. Mmoja alitukaribisha kahawa, mwingine hakutaka kutuona, na wote wawili tuliwaheshimu. Mtu akisoma Injili nasi kisha akarudi misani kwa moyo uliofufuka, sitamfuata kumvuta. Ila kijijini kuna wazee ambao miaka imepita hakuna aliyeomba nao, na hao siwezi kuwapita.

Rozari Takatifu: Hapo umenijibu. Mungu awatangulie.

Mwalimu wa Historia: Nimesoma kwamba Waprotestanti walipata taabu sana Hispania. Je, wazee bado wanalikumbuka hilo? Linaathiri vipi kazi?

Mwandishi: Swali zuri sana, kaa nikueleze. Mwanzo wake ni karne ya 16. Kwenye monasteri ya San Isidoro del Campo, kijijini Santiponce karibu na Sevilla, watawa walianza kusoma maandiko ya Matengenezo ya Kiprotestanti. Mwaka 1557 baadhi yao walitoroka, akiwemo Casiodoro de Reina na Cipriano de Valera. Mwaka 1559 Waprotestanti walichomwa moto hadharani Valladolid na Sevilla. Reina akiwa uhamishoni alikamilisha Biblia ya Kihispania, ikachapwa Basel 1569, na Valera akaipitia, ikatoka Amsterdam 1602. Ndiyo hiyo Reina-Valera tunayogawa leo. Biblia iliyozaliwa na wakimbizi wa kijiji cha Hispania. Monasteri bado ipo, na timu ikipita Sevilla naipeleka Santiponce kabla haijagusa trakti.

Karibu zaidi na sisi ni enzi ya Franco, dikteta wa Hispania. Tangu 1945 sheria iliruhusu imani nyingine faraghani tu: hakuna bango mlangoni, hakuna ibada ya hadharani. Sheria ya kwanza ya kulegeza ilikuja 1967, kisha Katiba ya 1978, na mwaka 1992 serikali ikatia saini makubaliano na Wainjili, Wayahudi na Waislamu. Mzee wa miaka 80 leo alifundishwa shuleni kwamba Mprotestanti ni adui wa nchi. Akikukunjia uso usimchukie. Lakini pia vipo vijiji kama Besullo, Asturias, vyenye historia ya Waprotestanti tangu karne ya 19. Kwa hiyo mtu akikuambia hii ni dini ya kigeni, unacho cha kumsimulia.

Mwalimu wa Historia: Hii ingestahili somo lake.

Mwandishi: Nitaiandika, Mwalimu. Nikumbushe.

Kwaya ya Vijana: Agosti mji umejaa watu kwa sikukuu, si ndio wakati wa kuvuna roho? Tuna timu ya kucheza na kuimba.

Mwandishi: Agosti waliohamia mijini hurudi kwao, na tarehe 15 ni sikukuu nchi nzima. Ni kweli watu wapo, ila wamekuja kwa ndugu zao, kwa maandamano ya msimamizi na kwa ngoma. Msishindane nayo. Njooni kama wageni, saidieni kupanga viti na kuosha sufuria kama wenyeji wakiwakubali. Kuimba kwenu kutapata nafasi Septemba, mji ukinyamaza. Na mkitaka kusikia sifa zitakazowatoa machozi, tembeleeni kanisa la Filadelfia la Wagitano, yaani Wajipsi wa Hispania. Wanamwimbia Mungu kwa flamenko, muziki wao wa asili, na wapo hata kwenye miji midogo.

Bukavu Amani: Shikamoo mtumishi. Mimi ni Mkongomani, niko Ufaransa na karatasi zangu. Kifaransa ninacho, Kihispania bado. Naweza kufaa kitu huko?

Mwandishi: Marahaba, na unafaa kuliko unavyodhani. Miji midogo ya Jaén, msimu wa kuvuna zeituni, kuanzia Novemba hadi Januari, hupokea vibarua wengi, wakiwemo ndugu kutoka Mali na Senegal. Wengi wanajua Kifaransa, na wenyeji hawakijui. Baadhi ya miji ina mabweni ya vibarua, lakini vitanda havitoshi na usiku wa huko ni baridi kali. Fika na kanisa la pale, beba blanketi, chai ya moto na soksi. Wasaidie kusoma mkataba, wasindikize kwa daktari. Wengi ni Waislamu: mpe kila mtu chakula bila kumtaka asikilize mahubiri kwanza, na akikuuliza mwenyewe unamwamini nani, mwambie bila woga. Jisomee Kihispania kila siku kuanzia leo, angalau salamu, namba na majina ya vyakula. Niambie unaweza kuja mwezi gani, nikuunganishe na mchungaji wa huko.

Bukavu Amani: Desemba, baada ya tarehe 10.

Mwandishi: Vizuri. Njoo na viatu vya matope.