Funga mlango wa seva yako leo: ufunguo wa SSH, fayawoli na fail2ban bila kujifungia nje

Ukikodi seva sasa hivi, hujaweka kitu chochote ndani, hujampa mtu anwani yake, we ngoja tu masaa machache alafu ingia uandike hii:

sudo grep "Failed password" /var/log/auth.log | tail

Utakuta mistari imepangana. Failed password for root, alafu invalid user admin, invalid user test, invalid user oracle, invalid user postgres, sekunde chache tu kati ya mmoja na mwingine, na anwani za kila pembe ya dunia. (Kama uko Debian 12 hilo faili halipo, tumia sudo journalctl -u ssh utaona yale yale.) Hao hawakujui wewe wala hawana shida na wewe, ni programu zinazunguka intaneti usiku na mchana zinasukuma kila geti zione lipi limerudishiwa tu bila komeo. Sasa kama geti lako ni root (yule yuza mkuu anayeruhusiwa kila kitu kwenye seva) na paswedi ni jina la kampuni na mwaka, siku yako inakuja, na mara nyingi utaijua pale bili ya seva itakapopanda au mteja akupigie kusema website yake inauza dawa za ajabu.

Naona watu wengi wanaanza na mambo makubwa, wanaweka programu kumi za ulinzi, huku mlango wa mbele bado ni paswedi. Mimi nasema anza na mlango. Ukiufunga vizuri umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi, na ni kazi ya jioni moja.

Kidogo tu kuhusu huo mlango, yani SSH, njia ya kuingia na kuiendesha seva ukiwa mbali, maana ukijua ulitoka wapi utauheshimu. Zamani watu waliingia kwenye mashine za mbali kwa telnet na rlogin, na paswedi ilipita kwenye waya wazi kabisa, yeyote aliyekaa katikati anaisoma. Mwaka 1995 mtu alitega programu ya kunasa paswedi kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Ufini, na mtafiti mmoja wa pale, Tatu Ylönen, akakaa chini akaandika SSH, akaigawa bure Julai mwaka huo huo, na mwaka unaisha inatumiwa na watu kama 20,000 kwenye nchi 50. Poti 22, yani namba ya mlango ambao SSH inaupitia, aliiomba mwenyewe kwa imeili, kwa sababu FTP ya kuhamisha faili ilikuwa na 21 na telnet ina 23, hiyo ya katikati ilikuwa haina mtu. Tunayotumia wengi leo, OpenSSH, ilitoka Desemba 1999 pamoja na mfumo endeshi wa OpenBSD 2.6.

Haya, kazi. Nachukulia una Ubuntu au Debian na umeingia kama root kwa paswedi waliyokupa ulipokodi.

Kwanza tengeneza yuza wako, usizoee kufanya kila kitu kama root. Tuseme anaitwa asha:

adduser asha
usermod -aG sudo asha

Kuanzia hapo kila kazi nzito inapitia sudo, amri inayokupa nguvu za root kwa kazi hiyo tu, na sudo inaandika kwenye logi (daftari la matukio la seva) nani kafanya nini saa ngapi. Kama mko watatu ofisini kila mtu apewe yuza wake, msigawane mmoja, kwa sababu siku kitu kikiharibika mtabaki kuulizana tu.

Sasa ufunguo. Hii unafanya kwenye laptop YAKO, sio kwenye seva:

ssh-keygen -t ed25519

Itakuuliza pa kuhifadhi, bonyeza enter, alafu itakuuliza neno la siri la kulinda ufunguo wenyewe, hapo usiruke, weka sentensi ndefu unayoikumbuka, maana laptop ikiibiwa hilo neno ndo linalokupa muda. Zitatoka faili mbili, id_ed25519 na id_ed25519.pub. Ile ya .pub ichukulie kama kufuli, unaweza kumgawia yeyote alifunge mlangoni kwake, haina madhara, ni mstari mmoja tu unaoanza na ssh-ed25519 AAAA. Ile nyingine ndo ufunguo, haitoki kwenye laptop yako, haitumwi WhatsApp, haitumwi kwa imeili hata kwa mtu unayemwamini. Ukiingia, laptop inasaini ujumbe kwa ule ufunguo na seva inahakiki saini kwa lile kufuli, kwa hiyo hata siku moja ufunguo haupiti njiani. Paswedi ndefu kiasi gani haiwezi kufanya hivo.

Peleka kufuli kwenye seva:

ssh-copy-id asha@203.0.113.10

Hiyo namba badilisha uweke ya seva yako. Ukiwa Windows ssh-copy-id haipo, basi kwenye PowerShell andika:

type $env:USERPROFILE\.ssh\id_ed25519.pub | ssh asha@203.0.113.10 "mkdir -p ~/.ssh && cat >> ~/.ssh/authorized_keys"

Alafu kwenye seva hakikisha ruhusa, folda ya .ssh iwe 700 (chmod 700 ~/.ssh) na faili la authorized_keys liwe 600 (chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys), yani wewe tu ndo unazigusa. Likiwa wazi zaidi ya hapo SSH inaweza kulikataa bila kukuambia sababu, na wewe unabaki unahangaika kutengeneza funguo mpya masaa mawili kumbe ni ruhusa tu.

Jaribu kuingia. Ikikuuliza neno la siri la ufunguo na sio paswedi ya asha, umefika. Andika pia sudo whoami, ijibu root. Usiende hatua inayofuata kabla hivi viwili havijakubali.

Sasa ndo tunazima paswedi, na hapa nenda taratibu. Wengi wanafungua /etc/ssh/sshd_config, wanabadilisha PasswordAuthentication iwe no, wanawasha upya, wanaondoka na amani, kumbe paswedi bado inafanya kazi. Sababu ni kwamba juu ya hilo faili kuna mstari wa Include unaosoma kwanza kila kitu kilichoko /etc/ssh/sshd_config.d/, na SSH inashika thamani ya KWANZA iliyokutana nayo. Seva nyingi za kukodi zina faili humo linaitwa 50-cloud-init.conf limeandikwa PasswordAuthentication yes. Kwa hiyo lile badiliko lako huku chini halisomwi kabisa. Nimeshaliona hili kwenye seva za watu makini, watu wanaojua kazi yao.

Dawa yake, tengeneza faili lako lenye namba ndogo lisomwe mbele ya yote:

sudo nano /etc/ssh/sshd_config.d/00-mlango.conf

Ndani weka:

PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
PermitRootLogin no

Kabla ya kuwasha, sudo sshd -t, isipojibu kitu maana yake hakuna kosa la uandishi. Alafu sudo systemctl reload ssh. Alafu uliza SSH yenyewe inafuata nini:

sudo sshd -T | grep -i passwordauthentication

Ikijibu no, ndo no ya kweli. Hiyo amri ya -T yenye herufi kubwa ishike, ndo inakuonyesha hali halisi bila kujali faili gani limeandika nini.

Na muda wote huu lile dirisha la kwanza ulilokwisha ingia USILIFUNGE. Fungua dirisha la pili, jaribu kuingia upya, ukiingia vizuri ndo ufunge la kwanza. Likikataa la pili, bado uko ndani na la kwanza unarekebisha.

Naliweka kwa herufi kubwa kwa sababu mimi mwenyewe nilijifungia nje ya seva ya mteja, Ijumaa jioni. Niliwasha fayawoli kabla ya kuruhusu SSH, alafu nikaondoka nikafunga laptop. Kurudi, kimya. Nilirudi ndani kwa ile konsoli ya kwenye ukurasa wa kampuni ya seva, na paswedi yake nilikuwa sijaihifadhi, ikabidi tuiombe upya, mteja akakaa bila huduma mpaka usiku. Tangu siku hiyo kwanza najaribu konsoli kama inafungua, ndo nagusa fayawoli. Fayawoli yenyewe, yani ukuta unaochagua poti zipi ziwe wazi kwa nje, hapa ni ufw, na mpangilio ni huu, usiubadilishe:

sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow 80/tcp
sudo ufw allow 443/tcp
sudo ufw enable

Hizo za 80 na 443 ni kama una website, kama huna ziache. Database haina kazi ya kuonekana nje, 3306 (ya MySQL) na 5432 (ya PostgreSQL) usizifungue.

Kama unatumia Docker, ile ya kuendesha programu ndani ya makontena, kuna kitu lazima ujue. Docker inaandika sheria zake moja kwa moja na poti ulizotangaza zinapita pembeni ya ufw. Yani ukiandika -p 3306:3306, ufw itakuambia imefungwa na dunia nzima inaiona database yako. Andika -p 127.0.0.1:3306:3306 ibaki ndani ya seva.

Baada ya hapo fail2ban, programu inayosoma logi na kufungia anwani zinazokosea kuingia mara nyingi, sudo apt install fail2ban, alafu kwenye /etc/fail2ban/jail.local weka:

[sshd]
enabled = true
backend = systemd
maxretry = 5
findtime = 10m
bantime = 1h

Mtu akikosea mara 5 ndani ya dakika 10 anafungiwa saa nzima. Ule mstari wa backend usipouweka kwenye Debian 12, fail2ban inatafuta auth.log ambalo halipo na inakataa kuwaka. Ona waliofungiwa kwa sudo fail2ban-client status sshd. Angalizo kwa sisi tunaofanya kazi kwa bando la simu, mitandao ya simu inawapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya nje, kwa hiyo mwenzako wa mtandao huo huo akikosea na wewe umefungiwa. Kumtoa mtu ni sudo fail2ban-client set sshd unbanip na anwani yake.

Kubadilisha poti 22 iwe nyingine kunapunguza kelele kwenye logi, basi, usiuhesabu kuwa ulinzi.

Washa na apdeti za usalama zijiweke zenyewe, sudo apt install unattended-upgrades alafu sudo dpkg-reconfigure unattended-upgrades. Na logi uzisome kwa macho yako, usiiachie programu peke yake. Machi 2024 mlango wa siri uliopandikizwa kwenye xz, programu ya kubana faili iliyoko kwenye Linux nyingi, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, uligunduliwa na mwandishi wa programu Andres Freund kwa sababu aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde kuliko kawaida, akaanza kuchimba. Alijua mashine yake ikiwa mzima inaonekanaje. Wewe kila Jumatatu andika last | head, inakuonyesha walioingia karibuni, na uulize kila mstari, huyu ni mimi? Saa nane usiku nilikuwa macho kweli?

Mwisho tengeneza ufunguo wa pili kwenye kifaa kingine, uweke kufuli lake kwenye authorized_keys, kifaa kikae nyumbani. Laptop ikiibiwa unaingia na ule wa pili, unafungua authorized_keys, unafuta mstari wa laptop iliyopotea, na mwizi hana tena kitu cha kufungulia.