Somo: Siku 126 za ugonjwa zikikaribia kwisha na mwenzako bado hajapona

Wapendwa, somo hili nimeahidi tangu mwezi uliopita, naomba mnivumilie kwa urefu wake. Mume wangu alikuwa dereva wa lori katika kampuni binafsi hapa Dodoma. Tarehe 3 Juni alipata kiharusi, upande wa kulia ukalegea. Nilishughulika na hospitali, dawa na mazoezi, mambo ya mshahara nikayaacha yajiendee. Mwisho wa Septemba nikiwa kwenye foleni ya daladala pale Sabasaba, SMS ya benki ikaingia: 106,000. Mshahara wake ulikuwa 480,000. Nilisoma mara tatu nikidhani nimekosea kuhesabu sifuri.

Hakuna aliyetuibia. Nusu mshahara ni 240,000, NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ikakata 24,000, mkopo wa benki ukakata 110,000 kama kawaida, kwa sababu mkopo haujui kwamba mtu anaumwa. Na zilikuwa zimebaki siku chache hata hiyo nusu ikome.

Hatua ya 1: Hesabu siku, ziandike ukutani

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza ni mshahara kamili, 63 zinazofuata ni nusu. Sisi mwajiri alihesabu mpaka Jumapili: mshahara kamili ukaishia tarehe 4 Agosti, nusu ikaishia tarehe 6 Oktoba. Chukua kalenda ya ukutani, zungushia hizo tarehe mbili kwa kalamu nyekundu. Kama mwenzako aliugua pia mwaka jana, siku zile zinaweza kuwa ndani ya mzunguko huohuo, kwa hiyo waulize kazini zimebaki ngapi.

Kila cheti cha daktari, wengi tunaiita ED, toa nakala kabla hujaipeleka kazini. Bila cheti mwajiri halazimiki kulipa.

Hatua ya 2: Asiandike barua ya kuacha kazi

Hapa nisomeni polepole. Siku zikielekea ukingoni, kuna mtu wa ofisini atakuja na maneno matamu: "Mzee, wewe andika tu barua, upumzike, tutakulipa chako haraka." Kwetu walikuja wawili, na soda na pole ya 50,000. Barua ilikuwa imeshachapwa, imebaki sahihi. Mume wangu alishashika kalamu kwa mkono wa kushoto. Nashukuru Mungu shemeji yangu alikuwepo akasema aachiwe kwanza aisome.

Mtu akiacha kazi kwa hiari, mambo mawili yanaondoka. Kwanza kiinua mgongo, ambacho ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi, mpaka miaka 10. Hicho hulipwa mwajiri anapositisha ajira ya mtu aliyefanya kazi angalau mwaka mmoja. Pili fao la kukosa ajira la NSSF, ambalo halimhusu aliyejiuzulu. Kwa mwanachama aliyechangia si chini ya miezi 18, fao hilo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwetu ilikuwa kama 160,000 kwa mwezi, na ilitufikisha Aprili.

Na kwisha kwa siku 126 hakumaanishi ajira imekufa yenyewe. Mwajiri anatakiwa kuangalia ugonjwa umefikia wapi, kuzungumza na mgonjwa, na kuangalia kama kuna kazi nyepesi anayoiweza. Mkipewa kazi hiyo na ni ya maana, msiikatae kwa hasira, maana kuikataa bila sababu ya msingi kunaweza kumnyima kiinua mgongo. Akiachishwa, dai pia malipo ya notisi, likizo ambazo hazikuchukuliwa na hati ya utumishi.

Hatua ya 3: Nendeni NSSF kabla, si baada

Ombeni taarifa ya michango yake. Sisi tulikuta miezi minne mwajiri amekata lakini hajapeleka. Kwa kuwa mume wangu alikuwa bado kwenye orodha ya mishahara, tulipeleka hati za malipo, wakafuatilia, ikaingia. Mkishaachana na kampuni, kumpata mtu wa kukusikiliza ni kazi nyingine.

Kama daktari anasema hatarudi kazini kabisa, ulizeni pensheni ya ulemavu. Masharti makubwa ni mawili: jopo la madaktari lithibitishe amepoteza theluthi mbili ya uwezo wa kujipatia kipato, na awe na michango ya angalau miezi 36, 12 kati yake iwe ya karibu kabla ya ulemavu kutokea. Kusanyeni karatasi za hospitali kuanzia siku ya kwanza. Mimi ziko kwenye mfuko wa sukari wa kilo 25, nimezifunga mwezi kwa mwezi.

Hatua ya 4: Matibabu

Kadi ya bima ya kazini itafungwa. Vipimo vikubwa fanyeni ingali inasoma. Sisi baadaye tulijiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya afya ya jamii, 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipite 2023 utaratibu unabadilika, kwa hiyo ulizeni ofisi ya kata. Na bili ikiwashinda, hospitali za serikali zina afisa ustawi wa jamii. Mwone kabla ya kukopa. Nilikaa kwenye benchi nje ya mlango wake saa nzima nikiona aibu kuingia, na aliponipokea alinisikiliza kama mtoto wa nyumbani.

Hatua ya 5: Ndani ya nyumba

Nendeni benki wenyewe, na karatasi za daktari, muombe marejesho yapangwe upya kwa muda mrefu zaidi. Ulizeni kama mkopo ulikatiwa bima na kama inagusa ulemavu wa kudumu. Mwenye nyumba naye aambiwe mapema. Wetu alikubali tulipe mwezi mmoja mmoja badala ya mitatu, kwa sababu tulimfuata kabla kodi haijaisha.

Chakula: hapa kwetu mvua ni msimu mmoja, na bei ya mahindi hupanda kuanzia Desemba watu wakisubiri mavuno mapya. Siku 63 za mshahara kamili zikiangukia Juni na Julai kama zetu, nunua gunia wakati huo, hata kwa kwenda soko la nafaka la Kibaigwa na wenzako watatu. Mimi sikufanya hivyo, nikanunua debe kwa debe mpaka Machi. Uwele na mlenda mkavu vilitubeba sana.

Umeme: kama mnatumia chini ya uniti 75 kwa mwezi na bado mnakatwa bei ya juu, ombeni TANESCO wawaweke kwenye kundi la watumiaji wadogo.

Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa ya mitaani, hapana. Hata wiki moja, hapana. VICOBA chako kieleze hali halisi, kipunguze hisa kuliko kutoroka.

Kuhusu yeye mwenyewe: mtu wa mazoezi tiba alisema abangue karanga kwa mkono mgonjwa. Mwanzoni alibangua kikombe kimoja kutwa nzima, jasho linamtoka chini ya mwarobaini. Sasa anafikisha kilo mbili, mimi nakaanga, mtoto anapeleka dukani. Ni hela ndogo, lakini ya chumvi na sabuni haiombwi tena kwangu, na uso wake umebadilika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa Kizota: Shikamoo dada. Mume wangu ni mtumishi wa halmashauri. Hizo siku 126 zinamhusu?

Marahaba. Hapana mdogo wangu, yeye yuko chini ya taratibu za utumishi wa umma na mfuko wake ni PSSSF. Aende kwa afisa utumishi, aombe aonyeshwe kifungu chenyewe kwenye Kanuni za Kudumu, asiambiwe kwa mdomo.

Kaka wa Nzuguni: Mke wangu ndiye mgonjwa, alikuwa hotelini, hakupewa mkataba wa maandishi. Si tumeshapoteza?

Hamjapoteza, kaka. Mwajiri ndiye aliyepaswa kumwandikia masharti ya kazi, na ikifika kwenye mgogoro yeye ndiye anayebeba mzigo wa kuyathibitisha. Wewe kusanya SMS za mshahara, picha akiwa na sare, kitambulisho, na majina ya wenzake.

Dada wa Chang'ombe: Je, ugonjwa ukiwa umetokana na kazi? Kaka yangu aliangukiwa na tofali la zege akiwa kazini.

Hapo ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mwajiri ndiye anayechangia, kaka yako hadaiwi kitu. Ajali iripotiwe sasa hivi, kwa maandishi, maana muda ukipita mwaka haki inaweza kupotea. Akiwa hawezi kufanya kazi kwa muda, kuna malipo ya sehemu ya mshahara.

Mama wa Nkuhungu: Dada, mimi nimechelewa kusoma. Mume wangu alishasaini ile barua. Walimwambia asiposaini hatapata hata nauli.

Pole sana mama. Kusaini kwa kutishwa si sawa na kuacha kazi kwa hiari, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, wanasikiliza mashauri ya namna hiyo. Lakini shauri la kuachishwa isivyo halali hufunguliwa ndani ya siku 30. Kesho asubuhi nenda ofisi ya CMA hapa mjini, chukua fomu namba 1, beba nakala ya barua na ED zote. Kama hawezi kutembea, kodi bajaji, tutachangia. Niandikie hapa tarehe iliyo juu ya ile barua, tuhesabu pamoja zimebaki siku ngapi.