Ekzosi ya lori la zamani inapasuka kila ukichomelea? Tafuta kinachoivuta

Jamani kabla hujachomelea tena, angalia kwanza imepasuka wapi, maana ufa wenyewe ndo unakwambia tatizo. Injini ikiwa imepoa kabisa ingia chini na tochi, tafuta masizi meusi, hapo ndo moshi unatokea. Ukikuta ufa uko pembeni tu ya weldi ya zamani, kamstari kembamba kama unywele, basi mara nyingi bomba linavutwa au linatikiswa, kosa si la weldi. Mara nyingi ni raba zinazoshikilia injini zimekufa: mwambie mtu akanyage breki na klachi, awashe injini, aweke gia, aachie klachi kidogo tu, we simama pembeni uangalie injini, ikiruka sana umepata jibu. Ufa wa nyuma huko cheki hanga (vishikio vya raba vinavyoning'iniza bomba), raba ikikauka inakuwa ngumu kama mbao. Na fleksibo (kile kipande cha bomba kinachojipinda) ikishaganda, mtikisiko wote unaenda kwenye bomba.

Ukifunga, usilazimishe bomba kwa bolti, legeza zote, lipange likae lenyewe, halafu kaza kuanzia mbele kwenda nyuma. Na tafadhali usiendeshe moshi ukiingia kebini, unaua.