Luganda ya jjajja, Kiswahili cha kambi: jinsi ya kuvifanya vyote vikulishe

Mi nimezaliwa kambi ya jeshi hapa Uganda, baba alikuwa mwanajeshi, kwahiyo Kiswahili nilikinywa pamoja na uji. Likizo ikifika napelekwa Masaka kwa jjajja, yaani bibi yangu, na huko ni Luganda tu, ukimletea Kiswahili anakunja uso. Sikumlaumu, maana watu wa rika lake Kiswahili walikisikia kwa mdomo wa askari, wakati wa Amin alafu tena ile miaka ya themanini ya "panda gari", unaambiwa panda na hujui unapelekwa wapi. Basi lugha niliyokuwa naificha mbele ya jjajja ndio leo inalipa kodi ya nyumba, kwa kazi ya kutafsiri na ukalimani, na vijana wengi wananiuliza wataanzaje kazi hii. Nawaambia hapa wote mara moja.

Kwanza kabisa jirekodi. Chukua simu, ongea dakika kumi kwa Kiswahili juu ya jambo la ofisi, mfano mkopo wa benki au kesi ya shamba, alafu rudia yaleyale kwa Luganda. Usisome popote, ongea tu. Mi niliposikiliza yangu nilitaka kuitupa simu. Kiswahili changu kilikuwa "wewe iko wapi" na "kuja hapa mbio", amri tupu, neno kama dhamana ama riba halimo kabisa. Luganda nayo ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi, ya kupiga magoti na kuomba chai, kwasababu huo ndio umri niliokuwa naenda likizo. Sisi tuliokua na lugha mbili tunadhani tunazo zote, kumbe moja ni ya jikoni na nyingine ya uwanjani, na hakuna anayekulipa kwa hizo.

Kunyoosha Kiswahili, sikiliza habari za DW ama BBC idhaa ya Kiswahili kila siku, chagua habari moja tu, irudie kwa sauti sentensi kwa sentensi. Lakini kuna siri ambayo ningependa mtu angeniambia mapema, nayo ni kwamba Luganda ndio mwalimu wako wa Kiswahili sanifu. Uganda tunapenda kusema "kitu yangu kubwa", "miti yangu kubwa", kila kitu yangu yangu. Sasa jiulize, kwa Luganda ungeongea hivo? Hapana, ungesema ekintu kyange ekinene, sauti ya "ki" inafuata mpaka mwisho. Basi Kiswahili nacho ni hivohivo, kitu changu kikubwa. Emiti gyange eminene, miti yangu mikubwa. Ukikwama simama, iseme kwanza kwa Luganda, usikie jinsi maneno yanavyofuatana, alafu rudi. Mi hii ilinitoa kwenye aibu ndani ya miezi michache, na hakuna darasa nililolipia.

Alafu nunua daftari la mitego, usiweke kwenye simu, daftari. Andika humo maneno yanayofanana na yanakudanganya. Omukazi ni mwanamke, lakini mkazi wa Mbarara ni yeyote anayeishi Mbarara, hata awe mzee mwenye ndevu. Okufumba ni kupika, ila kwa Kiswahili unafumba macho. Okutunda ni kuuza, kwa Kiswahili tunda ni lile la kula. Okusimba ni kupanda mti ama kuegesha gari, na simba mnamjua. Hapo unacheka, lakini nenda kwenye L na R uone kama utacheka. Kwa Luganda hizo ni kama sauti moja tu, inategemea herufi gani imetangulia, kwahiyo ulimi wetu hauzijali. Kwa Kiswahili kupiga kura sio kula, na mahali sio mahari. Fikiria upo kwenye kesi ya ndoa unaandika "mahali hayajalipwa". Banange.

Mtego mkubwa kuliko yote ni saa. Luganda na Kiswahili zinahesabu saa sawasawa, ssaawa bbiri ya asubuhi ni saa mbili asubuhi, jua limechomoza sio muda mrefu, ndio maana hatuwazi. Balaa linaingia pale Kizungu kinapoingia. Kuna shirika moja, silitaji, walinipa tangazo la mkutano wa wakimbizi huko Isingiro, limeandikwa 2 pm, mi kwa haraka nikaandika saa mbili. Watu wakaja asubuhi na watoto mgongoni, wakakaa juani masaa sita mpaka saa nane mchana wenye mkutano wakafika. Hakuna aliyenigombeza sana, ila mama mmoja aliniangalia hivi, mpaka leo kila nikiona saa kwenye karatasi naizungushia duara kwanza.

Na ukifanya kazi na Wakongomani usiwacheke eti wanasema "batu" na "batoto", hicho ni Kiswahili chao na wanakijua kuliko wewe unavyokijua chako. Sikiliza zaidi. Mtu anakwambia alienda kwa munganga, wewe unaandika mganga wa kienyeji, kumbe ni daktari wa hospitali mwenye koti jeupe. Neno moja hilo na maelezo yake yote yameharibika. Huna uhakika? Uliza, "munganga wa wapi?"

Ukitafsiri kwa mdomo ongea kama yule unayemtafsiria. Akisema "nilipigwa", sema nilipigwa, usiseme "anasema alipigwa". Usifupishe, usipambe, usimsaidie. Akitukana, tusi nalo ni lako kulisema, pole.

Sasa kazi ziko wapi. Shule, kwasababu mtaala mpya wa sekondari wa 2020 umefanya Kiswahili lazima Senior 1 na 2, na 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima msingi na sekondari, ila huko bila cheti cha ualimu hawakuchukui, usijidanganye. Mahakama, katiba yetu ibara ya 28 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi mkalimani bila yeye kulipa. Mipakani, Busia, Malaba, Mutukula, Mpondwe. Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla pale Kampala, wanunuzi wa Congo na Sudan Kusini wanabishana bei kwa Kiswahili na muuzaji ni Muganda, simama katikati. Matangazo ya redio. Wengi wanakimbilia Kiingereza na Kiswahili, huko mko jeshi zima, lakini anayeweza kutoka Luganda kwenda Kiswahili moja kwa moja bila kupitia Kizungu hatupo wengi, na kwenye sivii hilo liandike juu kabisa, sio chini karibu na "napenda kuogelea". Ambatanisha kurasa mbili ulizotafsiri mwenyewe, hata kama ni tangazo la LC, baraza la kijiji, la usafi wa mitaro.

Pesa. Maandishi chaji kwa neno ama kwa ukurasa, ya mdomo chaji kwa siku ama nusu siku, nauli pembeni. Usikubali "si unaongea tu, inakuchosha nini". Omba nusu kwanza kwenye mobile mani kabla hujatoka nyumbani, na makubaliano yawe ya maandishi, hata meseji tu inatosha. Mi kuna bwana ana deni langu la siku tatu tangu 2019, simu zangu hachukui, ila status zangu za WhatsApp anaziangalia zote, tena mapema asubuhi.